Taa za Kuoteshea Mimea na Ubia wa Mashirika Makubwa

Kwa muda wa mwezi mzima sasa kijitabu kimoja kimekuwa kikizunguka kutoka meza hadi meza katika ofisi za hapa kisiwani. Kimechapishwa kwa karatasi nzito yenye kung'aa, na picha zake zinapendeza macho: rafu za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine hadi darini, na juu ya kila rafu majani ya saladi mabichi yanayooga katika mwanga wa zambarau. Udongo hamna, jua hamna, wala mkulima mwenye jembe haonekani. Kijana mmoja wa kilimo ndiye aliyetuletea kijitabu hicho, akakiweka mbele yetu na kuuliza, "Ndugu, jambo hili lina ukweli?"

Tulimjibu kwamba ukweli umo, tena mwingi, ila haumo mahali palipochapishwa kwa herufi kubwa. Katika ukurasa wa mwisho, chini kabisa, imeandikwa kwamba taa hizo zimetengenezwa "kwa ubia na mashirika makubwa ya elektroniki duniani." Maneno hayo machache ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu. Maana neno ubia ni neno zito. Mbia ni mtu anayegawana nawe faida na hasara. Anayekuuzia kitu na kwenda zake si mbia wako. Huyo ni muuzaji, na kununua unga kwenye kinu hakumfanyi muuza maandazi kuwa mshirika wa mwenye kinu.

Tuanze na asili ya taa yenyewe, kwani mwenye kutaka kununua punda hakosi kuuliza alikozaliwa. Mwaka 1962, mtaalamu wa Kimarekani Nick Holonyak, akiwa mfanyakazi wa shirika la General Electric, alitengeneza diodi ya kwanza iliyotoa mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho. Kwa miaka mingi kidude hicho kilikuwa hakifai ila kwa kuonyesha kwamba redio imewashwa. Kilichokosekana kilikuwa ni rangi ya buluu, na wataalamu wengi walikata tamaa. Hatimaye Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wakaipata. Nakamura alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Nichia, ambayo mwaka 1993 ilitangaza diodi ya buluu yenye mwanga mkali. Mwaka 2014 wote watatu walitunukiwa Nishani ya Nobeli ya fizikia.

Mmea nao haupokei rangi zote kwa hamu moja. Ile rangi ya kijani iliyomo katika majani hula zaidi mwanga mwekundu wa karibu nanomita 660 na ule wa buluu wa karibu nanomita 450, na ndiyo maana picha za kijitabu zina ule uzambarau: ni nyekundu na buluu zilizochanganywa. Wa kwanza kulichukua jambo hili kwa dhati walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliokuwa wakifanya kazi na shirika la anga la NASA. Walitaka kuotesha chakula angani, mahali ambapo taa ya kawaida ingemchoma mwanaanga kabla ya kuustawisha mmea. Wakashirikiana na kampuni ndogo ya jirani iliyoitwa Quantum Devices, na mwaka 1995 majani ya viazi yaliwekwa chini ya taa za diodi ndani ya chombo cha Columbia kilichokuwa kikiizunguka dunia. Hapo chuo kilileta elimu, serikali fedha, na kampuni ndogo mikono ya kutengeneza, kila mmoja akijua alicholeta.

Baada ya hapo biashara ilikua, na pamoja nayo yakaingia mashirika makubwa. Sababu yake si siri. Ndani ya taa ya kuoteshea mimea mna mambo mawili yasiyolingana kwa gharama. Kwanza kuna ile chembe ndogo, diodi, ambayo hutengenezwa katika viwanda vya semikondakta vyenye mitambo ya fedha nyingi mno na vyumba visivyoingia hata vumbi. Kazi hiyo haimwezi fundi wa mtaani, hata awe hodari namna gani. Ni ya akina Samsung, Osram, Nichia na wenzao wachache. Kisha kuna taa iliyokamilika, yaani bamba la alumini la kupozea joto, kifaa cha kurekebisha umeme, nyaya na kifuniko cha kuzuia maji. Hii hata kampuni ya watu ishirini inaiweza. Kwa hiyo kampuni ndogo inayojua mimea humhitaji mkubwa anayejua chembe, na mkubwa humhitaji mdogo anayejua mkulima anataka nini, maana mhandisi wa elektroniki aghlabu hajapata kulima hata mchicha.

Samsung kwa mfano ilitoa diodi nyeupe ya namba LM301H, iliyokusudiwa khasa kilimo, na katika miaka michache namba hiyo ikawa kama mhuri wa ubora. Warsha mia na zaidi, kutoka China hadi Ulaya na Marekani, zikaichapisha kwenye maboksi yao. Hapa ndipo pa kuwa macho. Warsha nyingi katika hizo zilinunua diodi sokoni kama mtu anunuavyo misumari. Samsung haikukaa nazo mezani, haikupima taa zao, wala haikuwadhamini. Diodi njema ikiwekwa juu ya bamba jembamba lisiloweza kuondoa joto hufifia upesi, na jina lililoandikwa juu yake halitaifufua.

Sasa tuje kwenye ubia wa kweli, na tutazame mmoja ambao dunia nzima iliusikia. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la ardhi na mawimbi makubwa ya bahari vilipiga kaskazini-mashariki ya Japani. Mji wa Tagajo katika mkoa wa Miyagi ulikuwa miongoni mwa iliyoumia. Katika mji huo palikuwa na kiwanda cha zamani cha Sony. Bwana Shigeharu Shimamura, mtaalamu wa mimea aliyeanzisha kampuni ya Mirai mwaka 2004, aliliona jengo lile akalifanya shamba. Shirika la General Electric, lile lile la diodi nyekundu ya 1962, likaingia naye kazini, na likamtengenezea taa nyembamba za kuingia baina ya rafu na rafu, zenye kustahimili unyevu na kutoa rangi ambazo saladi inazitaka.

Shamba lilifunguliwa mwaka 2014. Lilikuwa na ukubwa wa kiasi cha meta za mraba 2,300, rafu 18 zenye ngazi 15 kila moja, na taa 17,500. Wenyewe walitangaza kwamba watavuna vichwa 10,000 vya saladi kila siku, kwa maji ambayo ni asilimia moja tu ya yale yanayotumika shambani, na kwamba taa zao zinatumia umeme pungufu kwa asilimia 40 kuliko za mirija. Bwana Shimamura alikuwa na uwezo wa kuamua usiku wa mimea uanze saa ngapi na uishe saa ngapi. Magazeti ya dunia yakaandika kwa furaha, na tusijifanye wajuaji leo: nasi tungekuwapo tungeandika vivyo hivyo. Mji uliopigwa na bahari unainuka na kulisha watu wake, nani asingeguswa?

Juni 2015, hata mwaka haujatimia vizuri, Mirai ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

Ni muhimu kuelewa kwamba hazikuwa taa zilizoshindwa. Taa ziliwaka. Kilichoshinda kampuni ni hesabu ya madeni, umeme na bei ya kichwa kimoja cha saladi sokoni. Katika hasara hiyo wabia hawakuwa sawa. General Electric ilikuwa mlima. Kupotea kwa mteja mmoja wa taa kwake kulikuwa kokoto kuporomoka. Kwa Mirai ndiyo yalikuwa maisha. Na jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba baada ya miaka michache General Electric yenyewe, shirika lililochimbuka katika kazi za Edison, iliachana na biashara ya taa: tawi lake la taa za viwanda na kilimo lilikwenda kwa wawekezaji mwaka 2019, na zile za majumbani zikauzwa mwaka 2020. Mkulima aliyenunua taa kwa kuliamini jina hilo akajikuta anazungumza na mwenye mali mpya.

Mirai haikuwa peke yake. Mashirika ya elektroniki ya Japani, yalipoona Wakorea na Wachina wamewapiku katika televisheni na chembe za kompyuta, yalibaki na vyumba safi vitupu, na mtu fulani akafikiri kwamba palipotengenezwa chembe bila vumbi panaweza kuoteshwa mboga bila wadudu. Fujitsu ikaotesha saladi yenye potasiamu kidogo huko Aizu-Wakamatsu, kwa ajili ya wagonjwa wa figo. Hili tunalisifu, kwani mgonjwa wa figo anahitaji mboga ambayo shamba la kawaida haliwezi kumpa, naye huilipia kwa thamani yake. Toshiba ikafungua shamba Yokosuka mwaka 2014 katika jengo lililokuwa likitengeneza disketi za kompyuta, ikitumia taa za mirija zilizorekebishwa kwa ajili ya mboga. Kufikia mwisho wa 2016 lilikuwa limefungwa. Panasonic nayo, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Matsushita na kwa betri za National zilizotengenezwa Dar es Salaam, ilifungua shamba la ndani Singapore mwaka 2014.

Mfano wa Singapore unatuhusu sisi watu wa visiwa kuliko mingine. Nchi ile huagiza zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake, na ardhi ya kulima haina. Mwaka 2019 serikali yake ilitangaza shabaha ya kuzalisha nyumbani asilimia 30 ya mahitaji ya lishe ifikapo mwaka 2030. Fedha ilikuwapo, wataalamu walikuwapo, na umeme wao haukatiki. Pamoja na hayo mashamba kadhaa ya taa yalifungwa, na mwaka 2025 shabaha ile iliwekwa kando, zikatangazwa nyingine za mwaka 2035. Hatusemi hivi kwa kuwacheka. Serikali inayokubali hadharani kwamba hesabu haikutimia, ikapanga upya, inastahili heshima.

Upande wa Ulaya na Marekani mambo yamekwenda kwa njia nyingine, ya mkubwa kummeza mdogo. Pale Austin, Texas, palikuwa na kampuni changa ya taa za mimea iliyoitwa Fluence. Mwaka 2018 ilinunuliwa na Osram ya Ujerumani, iliyokuwa ikitengeneza diodi. Mwaka 2020 Osram yenyewe ikaingia mikononi mwa ams ya Austria. Mwenye mali mpya hakuitaka Fluence, na mwaka 2022 ikauzwa kwa Signify ya Uholanzi kwa dola milioni 272. Ndani ya miaka minne kampuni moja ilipita mikono mitatu. Signify nayo si mgeni kwetu, ingawa jina ni geni: ni ile Philips ya taa, iliyozaliwa Eindhoven mwaka 1891, ikatenganishwa na mama yake mwaka 2016 na kubadilishwa jina mwaka 2018. Kwa hiyo mpinzani mkubwa wa Fluence ndiye aliyekuja kuwa baba yake. Signify pia ndiyo inayosimamia mpango wa leseni ulioanzishwa na Philips mwaka 2008, ambao kwa huo watengenezaji wengi wa taa za diodi hulipa ada kwa kutumia uvumbuzi wenye hataza. Hata yule anayedhani yuko huru, aghlabu ana malipo yake ya kupeleka Eindhoven.

Na wasomaji wetu wa serikalini watapenda kujua kwamba chembe hizi si mboga tu. Philips ilipotaka kuwauzia wawekezaji wa Kichina sehemu kubwa ya Lumileds, tawi lake la diodi, serikali ya Marekani ilikataa, na mwanzoni mwa 2016 biashara ile ikavunjika. Baadaye ikauzwa kwa Wamarekani, na mwaka 2022 Lumileds ikaomba kinga ya mahakama kwa sababu ya madeni. Mwaka huo huo wa 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya gesi na umeme, na wakulima wengi wa vibanda vya vioo huko Uholanzi wakazima taa zao wakati wa baridi, kwani kila nyanya iliyoiva chini ya taa iliwatia hasara. Kisha mwaka 2024 magazeti ya Korea Kusini yakaripoti kwamba Samsung imeamua kujitoa katika biashara ya diodi za taa. Yule kijana aliyetuletea kijitabu alipolisikia hili alikirudisha macho kwenye ukurasa wa mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akacheka.

Turudi nyumbani basi, kwani mjadala huu si wa saladi ya Wajapani.

Hoteli zetu huagiza mboga kutoka bara na hata kutoka ng'ambo, na fedha hiyo inawaponyoka wakulima wetu. Anayetaka kuizuia ana nia njema. Lakini taa moja ya wati 600, ikiwaka saa 16 kwa siku, inakula uniti 9.6 kila siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 288. Hiyo ni taa moja. Wala hatujataja mashine za kupoza hewa, ambazo katika joto na unyevu wa pwani yetu hazitapata pumziko. Umeme huo unatufikia kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Wa kwanza, uliowekwa mwaka 1980, ulituachia Unguja gizani kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, kisha kwa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waliokuwapo hawana haja ya kukumbushwa harufu ya majokofu. Tangu hapo waya mpya umelazwa, Pemba ikapata wake kutoka Tanga, na hali imekuwa bora. Lakini saladi iliyozoea usiku wa kupangiwa haitangoja fundi kwa siku tatu.

Na jua lipo. Saa sita mchana jua la Makunduchi linamwaga juu ya kila meta ya mraba mwanga wenye nguvu mara nane au zaidi ya ule unaopewa saladi katika shamba la rafu, na hakuna anayetuletea ankara. Mchana wetu ni wa saa kumi na mbili, masika na kiangazi, wala hatuna baridi ya miezi mitano iliyowasukuma Waholanzi kwenye taa. Kinachotusumbua ni maji, mbegu, wadudu, na barabara ya kufikishia mchicha sokoni kabla haujanyauka. Taa haitibu hata kimoja katika hivyo.

Pamoja na hayo hatupendi kuonekana kama tunaifunga milango elimu. Iko kazi ambayo taa hizi zinatufaa, nayo ni ya maabara: kuzalisha miche safi ya migomba na mazao mengine kwa njia ya chupa, ambako mmea huanza maisha ndani ya chumba na lazima upewe mwanga wa kipimo. Hapo taa ni chache, umeme wake unahesabika, na kila mche unaotoka unakwenda kuishi juani shambani kwa miaka. Taa nzuri za diodi leo hutoa zaidi ya mikromoli 3 za mwanga kwa kila jouli ya umeme, ilhali zile kubwa za sodiamu hutoa kiasi cha 1.7. Kwa maabara inayobana matumizi, tofauti hiyo ina maana. Tungependa tenda ya taa hizo itangazwe, na bei ziwekwe wazi.

Ila asije mtu akasaini kwa sababu ya jina lililochapishwa kwenye boksi. Wazee wetu wa karafuu wanalijua somo hili pasipo kulisoma popote: kwa miaka mingi soko letu kubwa lilikuwa Indonesia, na ilipoanza kujitosheleza kwa karafuu zake bei ikaanguka, na visiwa hivi vikaumia. Mkubwa hakutuchukia, alibadili hesabu zake tu. Na katika kata yetu wenyewe kuna chumba cha baridi cha samaki kilichofunguliwa kwa ngoma na hotuba, ambacho leo kinahifadhi nyavu na makuti, kwa kuwa kipuri kimoja kilitakiwa kiagizwe kutoka kwa kampuni ambayo ilikuwa imekwisha kubadili mwenyewe. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa waliopiga makofi siku ya ufunguzi.

Tumemshauri kijana yule aandike barua kwa wenye kijitabu. Awaombe nakala ya mkataba wa ubia wanaoutaja, wenye saini za pande zote mbili. Awaulize ni nani atakayejibu dhamana ya taa iwapo kampuni itauzwa; ni nani katika visiwa hivi atakayefundishwa kuzifungua na kuzitengeneza; vipuri vitawekwa ghala gani; na ni shamba gani, katika nchi yenye jua kama letu, ambalo limetumia taa zao kwa miaka mitano na bado linafanya kazi. Barua imekwisha pelekwa kwa rejista tangu Jumanne iliyopita, na nakala yake tunayo. Jibu likifika, liwe la namna yoyote, tutalichapisha katika safu hii kama lilivyo.